Kibodi ya Kasumbalesa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikianza kuisimulia bwana wangu hukumbuka kazi ya nje. Tazama, amekwisha kuinuka. Eti anakwenda kuangalia kama kuku wana maji. Mwache aende. Kuku wana maji tangu asubuhi, ila habari hii inamhusu yeye, na ingawa miaka imepita bado humwasha kidogo anapoisikia mbele ya watu.

Ninakusimulia kwa sababu Jumatatu unaanza kazi ya ofisini kule Kambove. Jana ulipokaa hapa kwenye kompyuta yetu nilikuwa nakuangalia huku nikichambua majani ya muhogo ya sombe. Ulifungua kurasa, ukazifunga, ukaruka kutoka moja hadi nyingine, na mkono wako haukugusa kipanya hata kidogo. Nilifurahi, usidhani sikufurahi. Ni mimi na Fiston, bwana wangu, tuliokufundisha, na roho zetu zinatulia tukiona umetupita. Lakini kuna kitu hatukukufundisha, na nisipokuambia leo nitalala vibaya. Keti. Chai bado ipo kwenye chupa.

Wakati ule Fiston hakuwa bwana wangu. Alikuwa kijana wa cyber, ndivyo tulivyokiita chumba cha mtandao kilichokuwa karibu na soko la Kikula, hapa Likasi, na alijulikana kwa vidole vyake. Mchana kutwa aliwaandikia watu barua: wachimbaji wa Kamatanda, akina mama wenye watoto wao gerezani Buluo, wachungaji waliotaka mialiko ya maombi. Mtu anasimama nyuma yake anasema, naye anaandika bila kutazama kibodi, macho yako mlangoni anawasalimu wapita njia. Mtu akibadili mawazo akasema, "Rudisha, hapana vile," vidole vinakwenda vyenyewe kwenye Ctrl na Z, na maneno yanafutika kana kwamba hayakusemwa. Kuna watu walikuja kumtazama tu. Mimi pia nilikuja kumtazama tu, lakini hayo ni mambo mengine na wewe ni mtoto.

Kwenye mtandao ndipo alipokuwa hatari zaidi. Sisi wengine tulikuwa tunasukuma kipanya, tunabonyeza, tunasubiri, tunatafuta kile kimshale cha kurudi nyuma, tunasubiri tena. Yeye alibonyeza Ctrl na L, anwani inaandikwa papo hapo. Akitaka kushuka kwenye ukurasa mrefu, aligusa ile nafasi ndefu ya chini, ukurasa unashuka. Akitaka kurudi, alishika Alt na mshale wa kushoto. Akitafuta jina ndani ya maneno mengi, ni Ctrl na F, na jina linajitokeza lenyewe. Na ile aliyoipenda kuliko zote ilikuwa gurudumu la kipanya. Unalibonyeza juu ya kiungo, ukurasa mpya unafunguka nyuma, kwenye kichupo chake juu ya kioo, bila kukuondolea ule unaousoma. Kwa mtandao wetu wa siku zile hiyo ilikuwa akili kubwa. Ulifungua kurasa zote unazozitaka, ukaziacha zije polepole huko nyuma, nawe ukaendelea na mazungumzo.

Mama yangu, Ntumba, alikuwa na haja iliyohitaji vidole vya namna hiyo. Wewe ulizaliwa baadaye, kwa hiyo nikueleze. Zamani kabla ya cyber, ulikuja wakati ambapo sisi wenye asili ya Kasai tuliambiwa na wenyeji turudi kwetu. Kwetu wapi? Babu yangu aliletwa hapa na kazi ya shaba, mama na dada yake walizaliwa hapa hapa, na Kasai waliijua kwa nyimbo tu. Watu walijaza kituo cha treni na mafurushi yao, wakalala pale, wakapika pale, wakisubiri mabehewa. Mama na dada yake, mama mkubwa Ngalula, walipatana wasafiri pamoja. Siku treni ilipofika, mimi nilikuwa nachemka kwa homa. Nilikuwa msichana mdogo. Mama aliacha furushi, akanibeba mimi mgongoni, akanikimbiza hospitali akisema atawahi. Hakuwahi. Aliporudi kituoni alikuta reli tupu na masufuria yaliyosahauliwa.

Basi sisi tukabaki Likasi, mambo yakatulia, watu wakaanza kusalimiana tena. Lakini barua za Ngalula hazikufika, na sisi wenyewe tulikuwa tumehama nyumba. Mama alivumilia mengi, ila kuna moja lililomkalia rohoni. Alijua dada yake alisimama kwenye dirisha la behewa akimtafuta kwa macho na hakumwona. Aliamini kwamba Ngalula anaishi huko akidhani kuwa mdogo wake alimwacha kwa kusudi. Akisonga bukari, yaani ugali, jioni, alikuwa akisema peke yake, "Eko nawaza nilimukimbiaka." Hakuwa akiniambia mimi. Lakini mimi ndiye niliyekuwa na ile homa, na nilikuwa nimekaa pale pale nikisubiri chakula, na nilijisikia vibaya kuliko ninavyoweza kukuambia.

Kisha, mimi nikiwa nimeshakua, mchungaji mmoja akarudi kutoka Mbuji-Mayi, huko Kasai. Alimwambia mama kwamba katika kanisa moja la kule kuna kwaya ya akina mama, na amesikia mmoja wao anaitwa Ngalula, mtoto wa Likasi. Yeye mwenyewe hakumwona. Ila kanisa hilo lilikuwa limefanya sikukuu yake, na picha zote ziliwekwa kwenye mtandao. Akatupa anwani. Mama hakulala vizuri tena mpaka Jumamosi.

Sasa, kabla sijakupeleka ndani ya cyber, lazima ujue habari ya kibodi. Wiki ile ile mteja alikuwa amemwaga chai juu ya kibodi ya Fiston, ikafa. Mwenye cyber alikuwa na safari ya Kasumbalesa mpakani, akarudi na kibodi mpya iliyotoka upande wa Zambia, na akaipanga mashine ifuate herufi zake. Unajua zetu zilivyo: zimepangwa Kifaransa, mstari wa juu unaanza na A, halafu Z. Zile za Zambia zimepangwa Kiingereza, zinaanza na Q, halafu W. Watu walicheka sana. Fiston akasema vidole vyake vina shule, vitazoea kabla jua halijazama. Na kweli, akiandika kwa utulivu, hakukosea sana.

Jumamosi hiyo mama alivaa kitenge chake cha kanisani na kitambaa kipya cha kichwa. Nilimwambia tunakwenda cyber tu. Akanijibu kwamba anakwenda kuonana na dada yake, na mtu haendi kuonana na dada yake amevaa nguo za jikoni.

Fiston alitupokea vizuri mno. Alimfutia mama kiti.

"Mama, ikala hapa, utaona muzuri. Ba photo iko mingi, lakini usiwaze. Nitafungula yote mara moja, itakuwa inakuya yenyewe."

Akaanza kupita juu ya zile picha ndogondogo, gurudumu likilia chini ya kidole chake, na vichupo vikapangana juu ya kioo. Halafu tukasubiri. Mtandao ulikuwa dhaifu, tulisubiri sehemu kubwa ya mchana. Mama akamweleza Fiston habari za dada yake. Alimwambia kwamba Ngalula tangu utoto hakupenda kupigwa picha, na kila aliposimamishwa mbele ya kamera alishika kola ya nguo yake.

"Mukono paka hapa," mama akasema, yaani hapa hapa tu, akigusa shingo yake mwenyewe. "Hata siku ya ndoa. Bwana yake alimukamata mukono ashushe, akarudisha paka hapa."

Fiston akacheka, mama naye akacheka, na nikaona kwamba kwa mara ya kwanza anamzungumzia dada yake bila kuumia.

Picha zilipokwisha kufika, Fiston akashika Ctrl na Tab na kuanza kupita kutoka kichupo hiki hadi kile. Lo, mwanangu! Nyuso zilikuwa zinapita kwa haraka hata mimi mwenye macho mazuri sikuona kitu. Akina mama kwa vitenge vya buluu, watoto, mchungaji, keki, akina mama tena.

"Polepole, mutoto yangu," mama akasema.

"Oui, mama."

Akapunguza mwendo kidogo, halafu vidole vikamrudia. Nyuma yetu kulikuwa na mteja anayesubiri kuandikiwa barua. Na mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili nikimtazama, na kijana akitazamwa na msichana hufanya mambo ya ajabu. Leo anakataa kwamba hiyo ilikuwa sababu. Mimi najua.

"Pale!" mama akapiga kelele. "Pale, pale! Rudisha!"

Neno lile. Fiston alikuwa amelisikia siku nzima, kila siku, kutoka kwa watu wa barua. Hakuwaza. Vidole vikakwenda penye Ctrl na penye Z, yaani pale Z ilipokuwa siku zote. Picha ikaondoka, ikaja nyingine.

"Hii?"

"Apana. Rudisha!"

Akabonyeza tena. Ikaja nyingine.

"Hii, mama?"

"Apana, nasema! Ilikuwa ba mama bamesimama. Rudisha!"

Akabonyeza tena na tena, haraka zaidi kila mara, akidhani anarudi nyuma. Mimi nikainua macho juu ya kioo. Ile safu ya vichupo ilikuwa inafupika.

"Fiston," nikasema, "vinapungua!"

Alipotazama, kilikuwa kimebaki kimoja tu, picha ya masufuria ya sherehe.

Fiston aliweka mikono kichwani. "C'est pas possible, haiwezekani," akasema. "Mama, pardon. Imeenda."

"Imeenda wapi?"

"Imefungika yote."

Mtandao wenyewe ulikuwa umezidi kudhoofika. Jioni ilikuwa inakuja, na Kikula tulijua umeme unapenda kuondoka jioni. Kuanza upya kuzileta picha zile zote kulikuwa hakuwezekani siku hiyo. Fiston akakamata kipanya, akaanza kubonyeza huku na huku, anafungua hiki, anafunga kile, jasho linamtoka. Nilimtazama mama. Hakulia. Alivuta mkoba wake mapajani, na nikajua anataka kuinuka. Niliogopa sana. Niliona kwamba akiinuka hapo hatakubali kurudi tena, kwa kuwa alikwisha kumpoteza dada yake mara moja, na sasa amempoteza tena mbele ya macho yake.

Lakini hakuinuka. Alinyoosha mkono, akashika vidole vya Fiston, akavitoa kwenye kipanya.

"Weka bidole hapa," akasema, akionyesha meza.

"Mama, acha kwanza nijaribu..."

"Weka."

Fiston akaweka mikono yake yote miwili juu ya meza, kijana mzima na ndevu zake.

"Weye uko natafuta ba page," mama akamwambia. Hakupandisha sauti. "Minye niko natafuta muntu. Page unaweza kuiangalia mbio. Muntu, hapana. Nilikuambia polepole, ukasema oui, lakini bidole yako haikusikia."

"Pardon, mama."

"Sikatale mbio yako. Mbio yako njo ilileta hizi photo. Minye peke yangu ningefika hapa mwaka ya kesho. Lakini sasa usiguse kintu. Nielezee kwanza. Ulifanya nini?"

Fiston akajibu, "Nilifanya Ctrl Z, mama. Juu ya kurudisha."

"Hiyo Z iko wapi?"

Alinyoosha kidole bila kutazama, alivyozoea. Kisha, kwa kuwa mama alikuwa ameinama kuangalia, naye akainama. Chini ya kidole chake kulikuwa na W.

"Ctrl W," akasema taratibu. "Mama, hii clavier ni ya Zambie. Pale kwetu Z iko, kwao njo W. Na Ctrl W inafungaka."

"Basi wewe mwenyewe njo ulifunga."

"Minye mwenyewe."

"Na yenye kufungika, inafutika?"

Nikaona uso wa Fiston unabadilika. Mama hakujua kompyuta, usidhani alijua. Aliuliza tu anavyouliza mtu anayetafuta ufunguo wa nyumba. Lakini swali lile lilimfanya Fiston awaze, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu tukae.

"Attends, ngoja," akasema. "Apana. Haikufutika. Machine inakumbukaka ile ulifunga ya mwisho."

Akaangalia kibodi herufi kwa herufi, macho chini, akitafuta kama mwanafunzi wa kwanza kabisa. Hapa Ctrl. Hapa Shift, ile sisi tuliyozoea kuiita Maj. Hapa T, ambayo namshukuru Mungu Waingereza na Wafaransa wameiweka mahali pamoja. Kabla ya kubonyeza akamtazama mama. "Nitafinya hizi tatu pamoja. Ile ilifungika ya mwisho itarudia."

"Finya," mama akasema.

Akabonyeza. Kichupo kikarudi. Na kwa kuwa picha zilikuwa zimeshafika ndani ya mashine, picha yake haikuhitaji kusafiri tena kutoka huko mbali. Ilisimama pale nzima mbele yetu. Watoto wanakula keki. Mama akatazama nyuso zote, mstari kwa mstari.

"Apana. Ingine."

Fiston akabonyeza tena. Mchungaji na mke wake. Mama akatazama mpaka pembeni, mpaka watu waliokatwa nusu.

"Ingine."

Taa ikapepesa, ikakaa. Yule mteja aliyekuwa akisubiri barua alikuwa amesimama nyuma yetu, naye amesahau barua yake. Fiston hakubonyeza kitu mpaka mama aseme "ingine". Vidole vyake vilikuwa na hamu, nilikuwa naviona, lakini vilisubiri.

Ikaja picha ya akina mama wamesimama mbele ya ukuta wa matofali. Mimi sikumwona mtu. Katika mstari wa nyuma kulikuwa na mama mnene, nusu ya uso wake imefichwa na bega la mwenzake. Mkono wake ulikuwa umeshika kola.

Mkono wa mama yangu ulipanda polepole ukashika kola ya nguo yake mwenyewe. Fiston akatafuta Ctrl na alama ya kujumlisha, akabonyeza kwa adabu, picha ikakua, akabonyeza tena, mpaka uso ule ukajaa kioo chote.

"Alizeeka," mama akaniambia. "Kapinga, angalia. Yaya, dada yangu, alizeeka." Akacheka, halafu akalia, halafu akacheka tena, na Fiston akavuta kiti chake nyuma, mbali kabisa na kibodi, akamwachia mama ile picha muda wote alioutaka. Nadhani ni hapo nilipompenda kweli. Vidole vyake nilikuwa nimevipenda zamani, lakini siku hiyo nilimpenda alipovitoa.

Tuliliandikia kanisa lile, na jibu likaja na namba ya simu. Jumapili tukakusanyika nyumbani, mama katikati, simu imewekwa sauti kubwa. Alikuwa na maneno yake tayari. Miaka yote alikuwa ameyapanga akisonga bukari: homa, hospitali, reli tupu. Alitaka ayaseme kwanza kabla dada yake hajamlaumu. Simu ikalia, ikapokelewa. Tukasikia mtu anapumua.

"Ntumba?" sauti ikasema, nzito, ya mtu mzima. Na kabla mama hajafungua kinywa: "Ntumba, mutoto alipona?"

Kumbe alijua. Jirani mmoja aliyepanda treni mwisho alimwambia pale dirishani kwamba Ntumba amekimbia hospitali na mtoto asiyefungua macho. Mama yangu alikaa miaka akiogopa hasira ya dada yake, na dada yake alikaa miaka hiyo hiyo akimwombea mtoto ambaye hakujua kama yu hai au amezikwa. Aliandika, hakupata jibu, na mwisho akaanza kuliogopa jibu lenyewe.

Maneno aliyoyapanga mama hayakuhitajika tena. Akanipa simu.

"Niko hapa, mama mukubwa," nikasema. "Ni minye, Kapinga. Nilipona."

Tukamsikia upande wa pili analia kwa sauti, na sisi nyumba nzima tukalia naye.

Ndiyo hiyo siku yangu, mwanangu. Fiston alipokuja baadaye na wazee wake kunichumbia, mbuzi amefungwa nje, kila mtu amevaa suti, mama alimwuliza jambo moja tu mbele ya wote: "Uliangalia muzuri kwanza, mbele ya kufinya?" Wazee wake hawakuelewa kwa nini sisi tulianguka kicheko. Yeye alijibu kwa heshima kwamba safari hii ameangalia.

Sasa nisikilize. Sikuambii uache haraka yako. Haraka yako ni nzuri, na bila vidole vya Fiston picha zile zisingefika kabisa. Jifunze zote, hata zile ambazo hujaziona bado, kwa sababu muda unaouokoa kwenye kompyuta utahitajika kwa jambo lingine. Lakini ukifika Kambove utakuta mashine zilizoletwa na watu wa kila nchi. Kabla hujabonyeza chochote, inamisha macho, tazama kama mstari wa juu unaanza na A au na Q. Hakuna atakayekucheka, na akikucheka mwache acheke. Halafu, kabla ya kujifunza vitufe vinavyokupeleka mbele, jifunze vile vinavyorudisha kilichofungwa: Ctrl, Shift na T. Vijue hata ukiwa umechoka, hata bosi akikusimamia nyuma. Na mtu akikupigia kelele "rudisha", toa mikono kwanza. Jiulize umefanya nini. Ndipo uirudishe.

Na iko hii ya mwisho, ambayo ndiyo yangu hasa. Siku moja atakaa pembeni yako mtu asiyejua mashine. Labda mama wa mtu, labda mgonjwa, labda mtu anayemtafuta mwenzake. Wewe utakuwa unaona kurasa, yeye atakuwa anatafuta uso. Siku hiyo mwendo ni wake. Wewe subiri mpaka aseme "ingine".

Angalia, bwana wangu anarudi. Kuku wamekunywa, Fiston?

"Bamekunywa. Ulimwambia kama nilirudisha?"

Nimemwambia. Nimemwambia kila kitu.

"Sawa basi," anasema, anajimiminia chai.

Inama kidogo nikuwekee mkono. Nenda Kambove salama, mwanangu. Mungu akupe vidole vyepesi na roho isiyovifuata ovyo. Ulichokifunga kwa bahati mbaya, akukumbushe njia ya kukirudisha. Na yeyote anayekutafuta popote alipo, asipite juu ya uso wako bila kukuona, na siku akikuuliza kama ulipona, uwe na pumzi ya kumjibu kwamba uko hapa.